Jiko Lililotoa Moshi Siku za Maharagi

Gérard Mushagalusa hagusi jiko lililopoa. Ukimwita nyumbani kwako kwa sababu jiko lako la kuni linakutoa machozi, atafika na mfuko wake wa vyombo, atauegemeza kando ya mlango, atatafuta kigoda au gogo la kukalia, kisha atakuomba upike. Hatafungua kifuniko wala kupanda juu ya mabati kabla hajaona moto ukiwaka na sufuria ikichemka.

"Mupike kama kawaida," anasema. "Mimi siko hapa."

Halafu anakunja mikono na kutazama moshi: unakotoka, unakosita, unakokwenda. Na kwa kuwa chakula kikishaiva hakuna mwenye nyumba wa Bukavu atakayemwacha mtu amekaa jikoni bila kumpakulia, fundi huyu hula kila anakofanya kazi. Mke wake Yolande amelisema jambo hili mara nyingi mbele ya majirani.

"Mabwana ya benzangu banarudi na njaa," anasema. "Wangu anarudi amekwisha kushiba. Mimi napikia nani? Paka?"

Karakana yake iko Kadutu, chini kidogo ya soko kubwa, pale njia inapoteremka kwa ngazi za udongo na nyundo za wafua mabati hazinyamazi tangu asubuhi. Alianza kama wenzake wote, kwa kukata mapipa na kufua mbabula, yale majiko madogo ya bati ya makala, yaani makaa. Baadaye alifanya kazi na mtawa mmoja aliyekuwa akijenga jikoni ya shule ya bweni, na kwake alijifunza majiko ya matofali yenye bomba la kupeleka moshi nje. Makala yalipozidi kuwa ghali, watu wakaanza kurudia kuni, na Gérard akaona njia. Mwaka jana aliacha mbabula kabisa. Nyundo zake ndogo za mbabula alizigawa kwa wafua bati wa jirani, na wao wakamcheka wazi.

"Utakuya kuziomba," walimwambia.

"Nikikuya, munifukuze," alijibu.

Kazi ya kutengeneza majiko ina magonjwa yake, na Gérard ameyazoea kama muuguzi wa zamu. Kuni mbichi anazijua kwa shavu: anachukua gogo la mkaratusi na kuligusisha usoni, na likiwa baridi kama jiwe la mtoni analirudisha juani bila maneno. Bomba lililojaa masizi analigonga kwa mpini wa kijiko. Lililo safi hulia, lililoziba hujibu kama boga. Ufa kwenye udongo anautafuta kwa kupitisha kibiriti kilichowashwa polepole pembeni mwa jiko, na mahali mwali unapovutwa ndani ndipo anapopaka udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu. Kule Muhumba, katika nyumba moja ya zamani inayotazama ziwa, aliitwa kwa jiko ambalo wenyewe walikwisha kulifanyia novena, sala ya siku tisa. Ndani ya bomba alitoa kiota cha ndege, kikavu, cha kupendeza, chenye kipande cha utepe wa zawadi kilichosukwa katikati. Mwenye nyumba alikiweka juu ya kabati la vyombo, na nadhani bado kipo.

Kwa hiyo alipojenga jiko la Maman Jeanine, hapa kwetu Nyalukemba, hakuwa na wasiwasi. Ilikuwa Juni, mvua zimekwisha. Jeanine anauza vitenge soko la Kadutu na alimjua Gérard kwa kupita karakanani kwake. Mumewe, Papa Didier, anafanya kazi katika ofisi ya shirika la misaada. Jiko lilikuwa zuri. Matofali yalipangwa sawa, matundu mawili ya sufuria, mlango wa kuni wa chuma, na bomba lililopanda nyuma hadi karibu na boriti za paa, likapinda, likatoboa ukuta na kutokea nje juu ya mabati. Pale lilipopinda, ndani ya jikoni, Gérard aliweka kilango kidogo chenye kifuniko cha bawaba, cha kutolea masizi. Jeanine alipaka chokaa kuta zote nne za jikoni. Sisi majirani tulikwenda kuziona, na yeye alitusimamisha mlangoni kwanza ili tufute viatu.

Mwishoni mwa Julai alikuja mama yake Didier, Koko Eulalie, yaani Bibi Eulalie, kutoka Walungu. Magoti yake yalikuwa yamechoka na kilima cha kwao, na watoto walimwita akae nao. Alikuja na fimbo yake, rozari yake, na mafungu kadhaa yaliyofungwa kwa majani makavu ya migomba, ambayo aliyatundika mwenyewe kwenye boriti za jikoni kabla hata ya kunywa chai. Kila asubuhi Jeanine alipokwenda sokoni, Koko alibaki akiangalia sufuria.

Wiki mbili baadaye jiko likaanza kutoa moshi.

"Papa Gérard," Jeanine alimwambia kwenye simu, "jiko yako inatuliza. Na hakuna mutu amekufa."

Gérard alikuja, akaketi, akaomba wapike kama kawaida. Jeanine alikuwa amebaki nyumbani kwa ajili yake. Walipika wali, sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na mchuzi wa nyanya. Jiko lilivuta vizuri. Moshi wote ulipanda na kwenda zake. Gérard aligonga bomba, likalia. Akapitisha kibiriti kila mahali, mwali ukasimama wima. Hakuona kosa. Alikula, akashukuru, akarudi Kadutu akiwa na aibu kidogo na tumbo zito.

Siku chache baadaye, simu tena. Safari hii Gérard aligusisha kuni shavuni na kusema labda hazijakauka.

"Kuni yangu?" Jeanine alishika kiuno. "Kuni yangu iko kavu kuliko mabati yako. Uguse tena. Uguse na lile shavu lingine."

Aligusa na shavu la pili. Zilikuwa kavu. Siku hiyo walimpikia kuku na ndizi, na jiko likavuta kama siku ya kwanza. Kwa kuwa hakutaka kuondoka bila kufanya kitu, alipanda juu na kurefusha bomba kwa kipande kimoja, akifikiri labda upepo wa ziwani unalipiga. Koko Eulalie alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha na kuzungusha rozari. Alimsifu.

"Fundi anajua kazi," alisema. "Jiko hii nimeipenda."

Lakini Jeanine aliporudi kutoka sokoni siku iliyofuata, alikuta jikoni kumekuwa kama ndani ya wingu, chokaa imeanza kugeuka rangi ya chai, na maharagi yameiva vizuri kabisa.

"Maman, ni nini tena?" alimuuliza mama mkwe wake.

"Moshi iko," Koko alijibu, na akaendelea kuchambua mboga.

Mambo ya jikoni hayabaki jikoni. Katika shirika letu, yaani jumuiya ya Wakristo wa mtaa huu wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, akina mama wanne walikuwa wamesema wangetaka jiko kama la Jeanine, na zamu ya kusali kwake ilikuwa Jumapili iliyokuwa inakuja. Maman Priscille, ambaye hana kizuizi kati ya wazo na mdomo, alimkuta Gérard nje ya kanisa na kumsalimu mbele ya watu.

"Papa Gérard! Nasikia jiko ya Maman Jeanine imeanza kuvuta tumbaku. Inavuta asubuhi, inavuta mchana. Umeitafutia na kiko?"

Watu walicheka, na Gérard alicheka pia kwa sababu hakuwa na la kufanya. Alijua hesabu yake. Jiko hilo lilikuwa la kwanza katika mtaa huu. Akina mama wakikuta moshi Jumapili, hakuna atakayemwita tena upande huu wa mji, na wafua bati wa Kadutu wangepata wasaa wa kumfukuza kama alivyowaagiza.

Kisha Alhamisi Papa Didier mwenyewe alimpigia. Ni mtu mpole, na maneno yake yalikuwa ya mtu mpole, ndiyo maana yaliumiza.

"Papa Gérard, tunakuheshimu sana. Mais jiko ni jiko, haiko usine ya kutoa moshi. Samedi, kesho kutwa asubuhi, Bruno mwashi anakuya kuivunja. Batu ba shirika bakuye bakute mahali iko safi. Tutarudia mbabula."

"Unipe kesho tu, Papa Didier," Gérard aliomba. "Siku moja."

"Kesho ni yako," Didier alisema. "Samedi ni ya Bruno."

Jioni hiyo Gérard hakula. Yolande alimwekea bugali na maharagi, akamtazama akivigeuza kwenye sahani.

"Leo hukupita kwa batu, na bado haukule," alisema. "Sasa naogopa."

Gérard alimwambia yote: wali, kuku, sambaza, bomba linalolia, kuni kavu, jiko linalovuta kila anapoliona na kugoma kila anapoondoka. Yolande alisikiliza, kisha akacheka kwa namna iliyomkera.

"Kwa Maman Jeanine banakulaka kuku kila siku?"

"Hapana. Nani anakulaka kuku kila siku?"

"Alors?"

Gérard aliitazama sahani iliyokuwa mbele yake. Miaka yote amekuwa akiwaambia watu wapike kama kawaida, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtii. Nani katika mji huu atampikia mgeni maharagi ya nyumba? Ukisema siko hapa huku umekaa kwenye kigoda, mama mwenye nyumba anaona mgeni, na kwa mgeni anatoa wali. Wali huiva upesi, moto unazimwa. Maharagi huanza asubuhi na kuchemka hadi adhuhuri. Gérard hakuwa amewahi kuliona jiko la Jeanine siku ya maharagi.

Ijumaa alifika mapema, lakini hakubisha mlango wa mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba, alikoegemeza ngazi yake ukutani, na kumwita Jeanine dirishani kwa sauti ya chini.

"Upike maharagi. Uende soko. Mimi leo siko mugeni. Usiniambie hata karibu."

"Utakaa wapi?"

"Juu ya mabati."

Jeanine alishika mdomo. "Papa Gérard, batu batasema nini? Fundi juu ya nyumba sawa kunguru, hata chai hajakunywa?"

"Waseme. Chai pia hapana."

Alikubali, ila mateso yake yalionekana. Kabla ya kuondoka alitoka mara ya kwanza na kiti, ambacho kisingeweza kukaa juu ya mabati, na mara ya pili na kikombe cha chai, ambacho alikiweka chini ya ngazi na kukifunika kwa sahani, akitazama upande mwingine kana kwamba kimejiweka chenyewe. Kisha akaenda sokoni.

Gérard alikaa juu ya mabati karibu na mdomo wa bomba. Ukungu ulikuwa bado juu ya ziwa. Chini, maharagi yalianza kuchemka, na moshi ulitoka bombani ukiwa mwembamba na wa buluu, kama unavyotakiwa. Jua lilipanda. Nilimwona kutoka uani kwetu na kumpungia mkono. Naye aliweka kidole mdomoni. Moshi uliendelea kutoka vizuri, akaanza kusinzia.

Ghafla ukakatika. Haukupungua kidogo kidogo kama moto unapokufa. Ulikatika kama maji yanapofungwa bombani. Gérard aliteremka ngazi polepole, akachungulia dirishani.

Koko Eulalie alikuwa amesimama katikati ya jikoni, fimbo yake ameinua juu. Kwa ncha ya fimbo alikuwa akisukuma kile kilango cha masizi kwenye kona ya bomba, hadi kikafunguka kabisa. Moshi ulimwagika chini ya boriti, ukazunguka yale mafungu ya majani ya migomba na kuyafunika moja baada ya jingine. Koko aliyatazama, akaridhika, akarudi kwenye kigoda chake chini, mahali ambapo hewa ilikuwa bado safi. Ndipo Gérard alipoiona ncha ya fimbo ile. Ilikuwa nyeusi kama chungu, na ilikuwa mbele ya macho yake siku zote.

Alikohoa.

"Nani iko huko?"

"Ni miye, Koko. Gérard wa jiko."

"Karibu, fundi! Uingie. Moshi iko muzuri leo."

Aliingia akiwa ameinama, akakaa chini karibu naye. Alitafuta pa kuanzia.

"Koko, nani alikuonesha ile kamulango?"

"Kunionesha? Niko na macho." Koko alielekeza fimbo juu. "Fundi mwenye akili anaweka mulango ya moshi chini ya mbegu. Siku ile ya kwanza nilijisemea: huyu ni mutoto ya mukulima, batu ba muji hawawezi kufikiria hii."

Gérard alitazama juu. "Ile ni mbegu?"

"Ni nini ingine? Maharagi ya mama yangu. Yenye madoa mekundu. Na mahindi." Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Walungu, shamba nimeachia shemeji. Hapa Didier amenipa kale kashamba ka nyuma ya nyumba. Nataka kuipanda ile maharagi Septemba, ikikosa moshi bidudu itaikula, na ikikulwa imekwisha. Hakuna mahali nitaitafuta. Didier anasema, Maman, mbegu tutanunua. Banunue! Hiyo watanunua wapi?"

"Na bakisema moshi, moshi?"

"Nawajibu moshi iko. Nilidanganya?" Macho yake yalicheka. "Nilisema nivumilie makelele yao kidogo. Mbegu ikishakauka, nafunga kamulango, jiko inapona, na wewe unapata sifa."

Gérard alikuwa na jibu ambalo lingemwokoa. Angeweza kumsubiri Didier langoni, aseme maneno mawili, na jina lake lingekuwa safi kabla ya jua kuzama. Lakini Koko alikuwa na mwezi mmoja tu katika nyumba ya mkwe wake, na mzee akishikwa hivi mbele ya mwanawe na mke wa mwanawe, hata wakicheka, kigoda chake hakikai tena sawa.

"Koko," alisema, "kesho banavunja jiko."

Rozari ilisimama.

"Nani?"

"Bruno, mwashi. Papa Didier amemuita. Watarudia mbabula."

"Mbabula haina moshi," Koko alisema.

"Haina hata ya kufukuza mbu."

Wote wawili waliyatazama mafungu. Kisha Koko akauliza kwa sauti ndogo, "Utanisema?"

"Mimi nimeitwa kutengeneza jiko," Gérard alijibu. "Ngoja niitengeneze."

Alipima bomba la nje kwa kamba, akafunga kilango, akaondoka bila kunywa ile chai. Alasiri yote nyundo yake ilisikika Kadutu. Majirani wake walipomwona akikata bati la pipa, wakadhani amerudia mbabula, wakaja na maneno yao tayari. Waliondoka bila kuelewa anafua nini: sanduku la bati lenye mlango, vijiti vya kutundikia ndani, tundu chini, tundu juu, na kibati cha kusukuma cha kupimia moshi.

Jumamosi asubuhi Bruno alikuwa amefika kabla yake, nyundo kubwa begani. Jeanine alikuwa amesimama mbele ya jiko, amelipa mgongo, mikono nyuma, kama mtu anayemficha mtoto. Didier alikuwa amevaa nguo za nyumbani. Koko alikuwa kwenye kigoda chake. Gérard aliingia na sanduku lake kichwani.

"Papa Didier, nimeona kosa," alisema. "Iko yangu. Nilijenga jiko bila kuuliza batu ba nyumba banahitaji nini. Nilitupa moshi yote inje, kumbe mu nyumba hii moshi iko na kazi."

"Kazi gani?" Didier aliuliza. "Moshi iko na kazi gani?"

Gérard alianza kueleza habari ya upepo na urefu wa bomba, maneno mengi yasiyofika popote, na Bruno akaanza kuhamisha nyundo kutoka bega hili kwenda lile. Koko alimsikiliza fundi akijipaka masizi kwa ajili yake. Halafu akaegemea fimbo, akasimama.

"Munyamaze," alisema. "Mwanangu, tazama hapa."

Aliinua fimbo na kukisukuma kilango. Jiko lilikuwa na moto wa chai ya asubuhi, na moshi ukamwagika kama kawaida yake, juu ya mafungu, juu ya chokaa, juu ya Bruno aliyekuwa mrefu kuliko wote.

"Maman!" Jeanine alisema.

"Usinitazame hivyo, Jeanine. Mimi nilikuambia kila siku kama moshi iko."

Bruno ndiye aliyeanza kucheka, huku akikohoa. Jeanine alijaribu kukaza uso, akashindwa, akajifunika kwa kitenge mabega yakimtikisika. Didier alimtazama mama yake, akaitazama fimbo, akaketi juu ya rundo la kuni.

"Juu ya mbegu?" aliuliza. "Maman, si ungesema?"

"Ningesema, ungenunua zingine."

Ni kweli, angenunua.

"Sasa mimi navunja nini?" Bruno aliuliza.

"Hauvunji," Gérard alisema. "Unijengee nguzo huko inje."

"Kwangu ni sawa. Nyundo ni ileile."

Walilifunga sanduku kwenye bomba nje ya ukuta, chini kidogo ya paa, wakatundika fungu moja la kujaribu na kuwasha moto mkubwa. Koko alitoka, akapanda kigoda akimshika Didier bega, akaingiza mkono ndani ya sanduku, akautoa upesi.

"Hii ni tanuri! Munataka nipande maharagi ya kukaanga?"

Walilipandisha juu zaidi, mbali na moto, Bruno akaongeza matofali kwenye nguzo. Koko akajaribu tena. Bado. Wakapandisha mara nyingine, na sasa mkono wake ulikaa humo ndani hadi akachoka kuuweka. Moshi ulikuwa umepoa, ila ulikuwa moshi. Gérard akafunga kile kilango cha ndani kwa parafujo, na kwenye mlango wa sanduku akaweka pete, ili Koko aweze kuufungua kwa fimbo bila kupanda kitu.

Ilibaki Jumapili. Gérard alimpa Jeanine sharti moja: awapikie watu wa shirika maharagi.

"Bageni?" Jeanine alilia kabisa. "Bageni ya sala, maharagi? Unataka nihame Nyalukemba?"

"Ukipika wali, Maman Priscille atasema jiko inavuta siku ya wali tu. Upike tangu asubuhi. Maharagi."

Alipika. Kwa kulinda heshima yake aliongeza sombe ya majani ya muhogo, samaki, na wali kidogo pembeni, lakini sufuria kubwa ilikuwa ya maharagi, na ilichemka tangu kabla ya Misa hadi tulipomaliza kusali. Maman Priscille alikuwa wa kwanza kuingia jikoni. Alinusa. Alipitisha kidole ukutani, ambako Didier alikuwa amepaka chokaa upya Jumamosi jioni, akakitazama kidole, akainama kuchungulia moto.

"Jiko iliacha tumbaku?" aliuliza.

"Ilipata padri wa kuiungamisha," Gérard alijibu kutoka mlangoni.

"Na leo tunakula maharagi, Maman Jeanine? Sawa batoto ya nyumba?"

"Ukikataa, kuna wali."

"Nani amekataa?" Maman Priscille alijipakulia, akala, akajipakulia tena. Kisha akatoka nje na kuliona lile sanduku kwenye bomba. Koko Eulalie alimfungulia mlango wake kwa fimbo na kumweleza kwa kirefu. Priscille alirudi akifuta mikono.

"Papa Gérard, yangu unijengee na kale kanyumba ka mbegu. Mama mukwe wangu anakuya Desemba. Sitaki kusikia moshi iko, moshi iko."

Wawili wengine wakasema vivyo hivyo. Wa nne alisema atafikiri, na bado anafikiri.

Mvua zilirudi Septemba. Maharagi ya madoa mekundu yalipandwa katika shamba dogo la nyuma, Koko akielekeza kwa fimbo na Didier akichimba kwa jembe, amekunja suruali ya ofisini hadi magotini. Yaliota vizuri, naweza kuyaona kutoka kwetu yakipanda miti yake.

Gérard bado anawaambia watu wapike kama kawaida, lakini siku hizi hatoi taarifa ya siku atakayokuja. Anatokea tu, kupitia nyuma, na kuuliza nini kilichoko motoni. Kwa Jeanine huja kila baada ya muda kutoa masizi. Mara ya kwanza alipokuja baada ya mambo yale, Jeanine alianza kutafuta mchele kabatini, na Koko akamzuia kwa kuweka fimbo mbele ya kabati.

"Huyu amekuwa wa nyumba," alisema, akampakulia Gérard maharagi na bugali kwenye sahani ya bati, bila samaki, bila kitu pembeni.

Alipofika kwake jioni na kusimulia, Yolande alisikitika kidogo juu ya kuku. Kisha akasema afadhali, kwa sababu sasa angalau atakuwa akirudi na nafasi tumboni.